Mama Anataka Sura ya Mwisho

Alhamisi, 3 Julai

Sura imetoka baada ya magharibi, kama kila Alhamisi. Nimeisoma kwenye simu nimesimama jikoni, muhogo ukiwa motoni. Muhogo umeungua chini. Nimekwangua sufuria, nikasoma tena.

Hadithi inaitwa Kivuko cha Nyuma. Mwandishi hajitaji jina. Anajiita Binti wa Shela. Kisa si kigumu. Kalume, mtu wa siku hizi, amefiwa na mke. Siku moja anashuka hadi pale feri ya Kilifi ilipokuwa ikifunga zamani, kabla ya daraja. Feri inamjia. Feri ambayo haipo. Anapanda. Ng'ambo anashukia katika miaka ile, na mkewe yupo, msichana bado, anauza korosho, wala hamjui. Lazima arudi kabla jua halijatua. Wiki inayofuata anavuka tena.

Mimi si mtu wa hadithi. Nimeandika habari Malindi tangu nikiwa msichana: mahakama, mafuriko ya mto Sabaki, bei ya nazi, nani kasema na wapi. Sasa naandika kidogo tu, gazeti likinihitaji. Lakini hii naisoma. Sijui kwa nini, na sijajisumbua kujua.

Uongo. Najua. Korosho zile nazijua harufu yake.

Jumapili, 6 Julai

Tezo, kwa Mama. Nimemsomea sura barazani baada ya yeye kutoka kanisani. Macho yake hayafiki tena kwenye maandishi, lakini masikio ni ya paka.

Alinikatiza mapema. "Korosho kwa gramu? Nani alikuwa na mizani pale? Tulipima kwa kikopo cha bati. Na ukimpenda mteja unajaza mpaka zinamwagika."

Nikayaandika maneno yake pale chini wanapoandika wasomaji. Natumia jina la Msomaji wa Tezo. Chai haijapoa, Binti wa Shela amejibu: "Ahsante mama yangu, nimerekebisha." Na kweli amerekebisha. Gramu hazipo, kikopo kipo, na korosho zinamwagika.

Mama alitaka kujua imewezekanaje kitu kilichokwisha kuandikwa kugeuka. Nikamweleza. Akasema gazeti langu halikuwahi kuwa na adabu hiyo. Ni kweli. Gazetini sahihisho lilisubiri, kisha likabanwa chini ya ukurasa ambapo hakuna anayeangalia.

Mama aliuza korosho pale feri mpaka daraja lilipofunguliwa. Mimi nilikaa kando yake, namkunjia pakiti za magazeti. Ndiko nilikojifunzia kusoma: vipande vya gazeti, habari iliyokatwa katikati. Waziri amesema, halafu basi. Mtuhumiwa alipatikana, halafu basi. Mwisho wa habari ulikwenda Mombasa mkononi mwa abiria.

Baba alikuwa taniboi, msaidizi wa dereva wa lori. Foleni ya malori ilipanda mpaka juu mjini, na watu walikaa wakisubiri nusu siku. Alinunua korosho kila safari. Mama anasema hakuwa akizipenda hata kidogo. Alikuwa akiwagawia wenzake njiani.

Alhamisi, 10 Julai

Nimemsomea Mama kwa simu.

Wapimaji wamekuja Kilifi, ndani ya hadithi. Wanachomeka vijiti ardhini. Daraja litajengwa na feri itakoma. Kalume ameelewa: siku feri itakapovuka mara ya mwisho, upande atakaokuwapo ndio atakaobaki. Mwandishi ameongeza mstari chini kwamba sura zilizobaki ni chache.

Mama aliuliza jambo moja tu.

"Atarudi?"

"Sijui, Mama."

"Mwanahabari gani wewe, hujui?"

Jumatatu, 14 Julai

Hospitali, Kilifi. Picha ya tumbo la Mama imeonyesha uvimbe. Daktari ni kijana mpole, anaeleza vizuri. Utolewe, na utolewe Mombasa, wiki ya kwanza ya Agosti. Ameshaongea nao na kitanda kimewekwa. Akasema kuchelewa si vizuri. Nikamuuliza si vizuri kiasi gani. Akaniangalia badala ya kujibu. Mtazamo huo naujua.

Mama alisikiliza yote kama anayesikiliza bei ya unga.

Njiani kurudi, tukipita sokoni, akasema atakwenda. Hadithi ikiisha.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nimeogopa leo. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Alhamisi, 17 Julai

Hakuna sura. Nimekaa na simu mpaka isha. Hakuna.

Wasomaji wameanza maneno. Mmoja: "Feri imeharibika injini?" Mwingine: "Mwandishi kapata mchumba, tusahau." Wa tatu: "Kalume kashuka ng'ambo, Mnarani, kala, kalala, mwacheni." Nikacheka peke yangu. Kisha nikaikumbuka Agosti.

Jumatatu, 21 Julai

Nimempigia Mama. Hakuniuliza habari za mwili wake wala za daktari. Aliuliza habari za Kalume.

Alhamisi, 24 Julai

Hakuna tena. Ila jioni msomaji mmoja aliandika: "Pole kwa msiba, da Salma. Mungu akupe subira." Baadaye maneno hayo yakafutwa. Nilikuwa nimeshayaona.

Salma. Msiba. Shela.

Jumapili, 27 Julai

Leo nimefanya jambo ambalo sijawahi kulifanya katika kazi yangu yote. Nimetunga.

Usiku wa jana niliandika sura ya mwisho mwenyewe. Kalume anarudi, anashuka, anapanda kwenda mjini, anaishi. Nikaja nayo Tezo kwenye simu na kumsomea Mama kwa sauti ileile, kana kwamba imetoka Alhamisi.

Hakuniacha nifike mbali.

"Hii umeandika wewe."

Nikasema sivyo.

"Kadzo. Kila mtu humu ana umri. Kalume, miaka arobaini na mmoja. Nahodha, miaka hamsini na mitatu. Nani kakuuliza umri wa nahodha?"

Nikazima simu. Alicheka mpaka akashika tumbo, na nilipoona alipolishika kicheko changu kikakauka.

Kisha tukagombana. Nikamwambia kitanda hakimngoji mtu. Akasema na yeye hajawahi kumngoja mtu, isipokuwa mmoja, naye alikuwa kwenye lori. Nikamwambia hii ni hadithi, Mama, ni mtu tu kakaa kaitunga. Akasema anajua, yeye si mtoto. Lakini kila Alhamisi anarudi pale feri. Anaona matope, anaona wenzake waliokufa wote wamekaa mstari mmoja na vikapu vyao. Hataki kulazwa na kukatwa huku kamwacha mtu katikati ya maji.

"Nikifa mezani je? Nife sijui?"

Nikachukua ufunguo wa gari. Nimeendesha mpaka Malindi kwa hasira. Hasira kwake, kwa mwandishi, kwa Kalume ambaye hayupo.

Jumanne, 29 Julai

Shela, mtaa wa hapa Malindi, si kubwa. Nimekwenda kwa fundi cherehani ninayemjua tangu zamani, anayejua nani kafiwa kabla maiti haijaoshwa. Nikamuuliza msiba wa Julai, mfiwa jina lake Salma. Akanionyesha nyumba kwa kidole cha shahada bila kuinua macho kwenye mshono.

Sikwenda. Nilisimama pale kona kidogo, nikarudi. Nimegonga milango ya wafiwa maisha yangu yote, nina kalamu mkononi, na sikusita. Leo sikuwa na kalamu.

Ijumaa, 1 Agosti

Nimekwenda baada ya watu kutoka msikitini. Nimevaa buibui la kuazima.

Salma yuko edani. Miezi minne na siku kumi, ndani, nguo nyeupe, bila manukato, bila dhahabu. Wanawake wanaruhusiwa kumtembelea. Umri wake sikuuliza, na hapa siuandiki. Mumewe alikuwa akifundisha. Alianguka bafuni, moyo. Ilikuwa Jumanne. Alhamisi yake ndiyo ile ambayo sura haikutoka.

Wifi yake, dada wa marehemu, alikuwa amekaa karibu na mlango na tasbihi. Nilipotaja hadithi alisema, si kwangu, hewani tu: "Mtu anaandika kila wiki mume kafiwa, mke kafa, mume kafiwa, mke kafa. Mwisho limemfikia mwenyewe. Kajiandikia."

Salma aliinamisha kichwa. Nikaona kwamba anayaamini maneno hayo.

Nikamwambia wifi, kwa heshima, kwamba nimeandika vifo vingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa sababu niliandika. Wote walikuwa wamekwisha kufa. Tasbihi ilikwenda haraka zaidi.

Salma aliniuliza mimi ni nani kati ya wasomaji. Nikamwambia ndimi ninayeandika kwa jina la Msomaji wa Tezo, lakini maneno ni ya mama yangu. Uso wake ukafunguka kidogo. "Wa kikopo!" Akasema hajapata kuiona feri maishani mwake, alizaliwa daraja lipo. Kila kilicho kweli katika hadithi kimetoka kwa wasomaji, na zaidi kwa Mama. Mumewe ndiye aliyekuwa akimsomea maneno yao asubuhi, wakinywa chai.

Hawezi kumaliza. Alisema hivi: "Nikimrudisha Kalume, ni kama mimi ndiye namwacha yule ng'ambo. Na nikimwacha huko abaki naye, dada yangu, hapa nitabaki na nani?"

Sikumwambia habari ya kitanda cha Mombasa. Ilikuwa kwenye ulimi. Ningeisema, angeandika kwa ajili ya kumwonea huruma mgonjwa, na Mama angeitambua sura hiyo kama alivyoitambua yangu.

Nimetoka mikono mitupu.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimemwambia Mama yote. Alisikiliza, kisha akainuka kutafuta leso zake nzuri.

"Mtoto kafiwa na hukuniambia mara moja? Kesho nipeleke nikahani."

Nikamwambia safari itamchosha. Akasema kuchoka atachoka Mombasa.

Jumapili, 3 Agosti

Hakwenda kanisani. Mara ya kwanza ninavyokumbuka.

Alibeba nazi, muhogo na kuku hai aliyefungwa miguu, ambaye alipiga kelele kiti cha nyuma mpaka Malindi. Nikamwambia watu wa Shela wana kuku. Akasema hawana huyu.

Salma alipomwona alitaka kuinuka. Mama alimbonyeza bega, akae. Akaketi naye mkekani, polepole, kwa sababu ya tumbo. Mama alimshika mkono. Mmoja Mswahili wa Shela, mmoja Mgiriama wa Tezo, hawajawahi kuonana, na walikaa kama watu wa nyumba moja.

Wifi alikuwapo. Akalirudia neno lake, kwa upole zaidi lakini akalirudia. Mama akamgeukia.

"Bibi, ndugu yako alikuwa mwalimu?"

"Alikuwa mwalimu."

"Mtu mzima, mwenye akili zake?"

"Mno."

"Na unataka tuamini aliuawa na simu?"

Kisha wifi akajifunika mdomo kwa mtandio. Mabega yakatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa akicheka, kisha akalia kweli, na Salma akalia naye. Mimi nilimwangalia kuku.

Baadaye Mama alisimulia siku ya mwisho ya feri. Hata mimi sikuwa nimeisikia. Mwaka ule nilikuwa Nairobi masomoni. Alisema hakuwa na kitu cha kuuza siku ile. Alivuka tu, akarudi, akavuka tena, ili mwili ukumbuke. Wiki iliyofuata alishuka na kikapu mahali pake, kwa mazoea. Hapakuwa na foleni wala mtu. Akakaa. Akasikia honi juu kabisa, kwenye daraja, honi anayoijua. Baba alikuwa akipita, siku hizo yeye ndiye dereva. Lori halikuwa na sababu tena ya kusimama. Yeye yuko chini na korosho, Baba yuko juu na safari, na hakuna aliyeweza kumwona mwenzake.

"Alipiga mpaka akafika ng'ambo," Mama alisema. "Nikarudi nyumbani, nikazila mwenyewe."

Salma alimtazama kama mtu anayekunywa maji.

Kisha Mama akanigeukia. "Kadzo, kaangalie gari."

Gari lilikuwa salama. Nilikaa ndani yake mpaka dirisha likapata ukungu wa pumzi zangu. Aliporudi alifunga mlango, akatengeneza leso, akasema twende. Na Jumatano nije mapema nimchukue, ana safari ya Mombasa.

Nikamuuliza Salma kamwambia nini. Akasema kuku kampenda.

Jumatano, 6 Agosti

Mombasa. Tulipita daraja la Kilifi asubuhi, maji yamejaa. Nilitazama chini. Mteremko wa zamani bado unaonekana, saruji imeingiwa na majani, na mtu mmoja alikuwa akiosha pikipiki. Mama hakutazama. Alikuwa akilalamikia soksi, kwamba hospitali zote ni baridi.

Wamemlaza. Kitanda cha dirishani. Nesi anamwita nyanya. Mama anamjibu vizuri kuliko anavyonijibu mimi.

Alhamisi, 7 Agosti

Wamemwingiza chumba cha upasuaji.

Nimekaa kwenye kiti cha plastiki. Mtu mwingine ananiambia habari za mgonjwa wake. Namsikia nusu.

Alhamisi. Nimefungua simu kwa mazoea. Ukurasa wa Salma uko vilevile. Wasomaji wanaendelea kumtukana Kalume.

Wamemtoa. Anapumua mwenyewe. Daktari anasema uvimbe umetoka wote, kipande kimepelekwa maabara. Kisha akaniambia nikale kitu. Nimekwenda chooni nikalia, nikaosha uso.

Jumatano, 13 Agosti

Majibu ya maabara yametoka. Si ule ugonjwa tuliokuwa tukiuogopa. Daktari alirudia mara mbili kwa sababu nilimtaka arudie.

Nilimwambia Mama. Akasema basi wamruhusu, uji wa hapa hauna chumvi.

Jumapili, 17 Agosti

Tezo. Mama barazani, mto mgongoni. Mvua ndogo asubuhi, sasa imekatika. Majirani wamekuja na kuondoka.

Salma amenipigia kumjulia hali. Tulizungumza kidogo. Ameanza kuandika tena, ndani ya eda, hana haraka. Atatoa sura eda ikiisha, mwezi wa Novemba. Wifi yake ndiye anayemsomea maneno ya wasomaji asubuhi, na kuwajibu wenye kejeli kwa kejeli. Nikamshukuru kwa kumweleza Mama mwisho wa hadithi siku ile, ukampa nguvu ya kwenda.

Alishangaa. "Mimi? Mimi sikuwa na mwisho, dada Kadzo. Mama ndiye aliyenipa."

Nilikaa na simu mkononi. Kisha nikaja barazani, nikamwambia Mama kwamba nimejua.

"Mtoto wa watu alikuwa amekwama," alisema. "Na mimi ndiye niliyekuwapo pale. Si yeye, si wewe."

"Sasa anarudi au anabaki?"

"Subiri kama wengine."

Nimejaribu kila njia ninayoijua. Nimemwuliza moja kwa moja, nimemzunguka, nimejifanya najua tayari ili anisahihishe. Mbinu hizo zimewafungua madiwani na makamishna. Yeye ameniomba chungwa.

Nimemmenyea. Amekula polepole, kipande kwa kipande, akitazama barabara, na mbegu ameziweka kwenye kiganja changu.